Goti la Mtakatifu Trifina

Jumatatu, 4 Julai 1983

Jua limepiga mpaka mawe yananuka. Watalii wachache, wote wameuliza choo kiko wapi. Hakuna aliyeuliza hekalu liko wapi, na siwalaumu. Limebaki nguzo moja na nusu, mawe yaliyolala, na kobe. Nimefunga lango la magofu nikashuka nyumbani.

Nyumbani hakuna mtu, hakuna chakula. Mke wangu Gesumina yuko kanisani na wanawake wenzake, wanaiandaa sanamu ya Mtakatifu Trifina kwa sikukuu ya mwisho wa mwezi. Nikamfuata huko, njaa inanisukuma. Nikakuta moto!

Mshumaa ulikuwa umeangukia pindo la gauni la Mtakatifu. Si moto mkubwa. Lakini shemeji Cataldo, kaka yake Gesumina — mwoka mikate, mtu anayeishi na moto kila siku — akapoteza akili, akammwagia Mtakatifu ndoo nzima ya maji ya kudekia. Moto ukazimika. Halafu plasta ikaanza kudondoka, vipande vipande, na chini ya gauni lililoungua likatokea goti.

"Ana goti!" mama mkwe akapiga ukelele, kama mtu aliyemkuta mwizi jikoni.

Padre Fortunato akaamuru wanaume wote tugeukie ukutani. Tukageuka. Naye akageuka. Akakumbuka kuwa yeye ni padre, akageuka tena, akaona, akarudi ukutani mbio.

Mimi nilikuwa nimeshaona. Goti jeupe, la jiwe, na kitambaa cha jiwe kimelilalia kama shuka lililoloa. Jiwe hilo nalijua. Nashinda nalo.

Jumatano, 6 Julai

Mdomo wangu huu!

Daktari Ornella alikuja leo kukagua uzio. Yeye ndiye mkubwa wangu kazini, ametoka kaskazini, ni daktari wa mawe. Alipofika mjini kwetu Calimeda mara ya kwanza watu walikuwa wakimsimamisha njiani na kumtolea ulimi autazame. Sasa wamezoea. Si mtu mbaya. Anakula peke yake, anazungumza na nguzo.

Tukanywa kahawa. Nikamsimulia kisa cha ndoo, nikitaka acheke tu. Nikasema goti lenyewe limefanana na la ile sanamu yetu isiyo na kichwa kule ghalani.

Hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole.

"Goti la kulia au la kushoto?"

Hapo nilipaswa kusema sikumbuki.

Alhamisi, 7 Julai

Amekuja na tochi. Amelala chali sakafuni, akaingia chini ya gauni la Mtakatifu mpaka kiunoni. Imebaki miguu yake nje, viatu vya bluu. Wanawake wamemzunguka na rozari kama walinzi wa gereza.

"Daktari, unaona nini?" Padre akauliza, macho juu darini.

Sauti ikatoka chini ya gauni: "Ajabu! Ajabu tupu!"

Wanawake wote wakapiga ishara ya msalaba. Walidhani ameokoka.

Alipotoka, vumbi mpaka kwenye kope, akaeleza. Kichwa cha Mtakatifu ni cha mti, mti wa peasi, kazi ya seremala fulani wa miaka mia mbili iliyopita — "si mbaya," akasema. Mwili ni marumaru, wa Wagiriki, wa kabla ya Kristo. Si mtakatifu. Ni mungu wao wa kike, mwenye nafaka na mavuno. Huenda wakulima walimfukua shambani, hana kichwa, wakamwekea kimoja, wakampaka plasta, wakamvika nguo.

Halafu Cataldo, ambaye ni mkuu wa wabebaji wa Mtakatifu kama baba yake alivyokuwa: "Kwa hiyo ndiyo maana ni mzito?"

Tangu utotoni tuliambiwa uzito ule ni dhambi za mji. Kila mwaka wanaume ishirini na wanne wanambeba wakilia, wanajuta, wanaahidi kuacha kucheza karata. Kumbe marumaru!

Nyumbani Gesumina akaniwekea sahani ya tambi, akasimama mbele yangu.

"Nani alimwambia yule mwanamke?"

Nikatazama tambi.

"Ilario. Nakuuliza wewe, siulizi tambi."

Jumapili, 10 Julai

Tangazo la ofisi ya mambo ya kale limesomwa baada ya misa. Mwili utachukuliwa na lori kwenda jumba la makumbusho la mkoa kabla ya mwezi kuisha. Kichwa kitabaki kwa waumini, "kwa kuwa hakina thamani ya kihistoria."

Mama mkwe akaomba asomewe tena hapo pa thamani. Akasomewa. Akavua kiatu amrushie msomaji.

Padre amempigia simu Askofu. Anasema Askofu amesema Mtakatifu ni mmoja, lakini asinukuliwe.

Jumatatu, 11 Julai

Mji umegawanyika, si utani. Kule baa wameshatoana mashati. Waliowahi kuponywa kichwa, meno, macho na masikio wanasema Mtakatifu yuko kichwani, mwili uende zake. Waliowahi kuponywa magoti, mgongo na tumbo wanasema miujiza yote imetoka mwilini, kichwa ni pambo tu. Wa koo hawajui waende wapi. Muuza magazeti ana koo na goti vyote viwili, anapigwa na pande zote.

Mimi nilinyamaza. Nikaambiwa, "Wewe nyamaza!"

Jumanne, 12 Julai

Gesumina amehamia kanisani. Amebeba godoro mwenyewe, kichwani, barabara nzima ikimwona. Wanawake saba wengine pamoja naye. Watalala miguuni pa Mtakatifu mpaka ofisi ibadili nia.

"Utarudi lini?" nikamuuliza mlangoni.

"Ukiacha kazi ya kuuza watakatifu."

"Sijamuuza! Nilisimulia tu!"

"Yuda naye alibusu tu."

Ijumaa, 15 Julai

Samaki wa kopo. Tena.

Jumamosi, 16 Julai

Mtungi wa gesi umekwisha na sijui wa akiba uko wapi. Mbilingani zinaoza. Gesumina haongei nami. Nimepanga foleni ya maungamo.

Nikapiga magoti. "Padre, nisamehe. Mtungi wa akiba uko wapi?"

Padre akashusha pumzi, akatoka kwenye kibanda, nikamsikia akivuka kanisa. Akarudi. "Uko nyuma ya mapipa ya mafuta. Anasema ungetazama ungeuona."

"Na mbilingani?"

Akaenda tena. Ni mnene, miguu inamuuma, yeye ni wa chama cha mwili. Akarudi. "Zikate, uzitie chumvi kwanza, uziache zitoe maji. Anasema usitumie sufuria mpya."

"Mwambie nimemkumbuka."

"Hilo nenda kamwambie mwenyewe, mwanangu. Kuna watu nyuma yako wenye dhambi za kweli."

Jumatatu, 18 Julai

Sasa huu ni wazimu. Ofisi imeandika kuwa Mtakatifu ni mali ya kale, na mali ya kale lazima iwe na mlinzi. Mlinzi wa karibu ni nani? Mimi! Kule juu magofuni wameweka karatasi langoni: wageni waone kobe wenyewe kupitia nondo.

Nimepewa kiti, kamba nyekundu, filimbi na kibao cha USIGUSE. Saa tatu mpaka saa saba, saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Nimekaa kulia kwa Mtakatifu, namlinda dhidi ya wanawake. Gesumina amekaa kushoto, anamlinda dhidi yangu. Kati yetu goti.

Anafuma soksi. Kwa hasira. Sindano zinasikika mpaka mlangoni.

Wajerumani wawili wakaingia, wakatupiga picha sote watatu.

Jumanne, 19 Julai

Nimempulizia filimbi mama mkwe.

Kila asubuhi tangu ujana wake mama huyu anaingia, anaushika mguu wa Mtakatifu, anabusu vidole vyake. Leo akanyoosha mkono kupita kamba, na Daktari Ornella alikuwa amesimama palepale na karatasi zake, na kanuni zinasema mlinzi apulize. Nikapuliza. Kanisani! Sauti ikaenda juu kwenye kuba, ikarudi, ikaenda tena.

Mama mkwe akanigeukia. "Umempulizia nani?"

"Mama, ni kazi—"

"Mimi nilikupa binti yangu. Ulikuja kwangu na viatu vya kuazima, nikakupa binti yangu. Na wewe unanipulizia kama mbwa wa mchunga mbuzi?"

Akaushika mguu kwa mikono yote miwili, akinitazama usoni. Nikapuliza tena, kwa chini kidogo. Sikujua la kufanya.

Gesumina aliinamisha kichwa juu ya soksi. Mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Halafu nikaona — anacheka! Anauma sufu asisikike.

Alhamisi, 21 Julai

Mchana, joto, wanawake wengine wamelala kwenye mabenchi. Sindano zikanyamaza.

"Huyo mungu wao," Gesumina akasema, bila kunitazama. Maneno ya kwanza tangu godoro! "Kazi yake ilikuwa nini?"

Nikamweleza ninavyosikia Daktari akiwaeleza wageni. Kwamba alikuwa na binti mmoja. Binti akachukuliwa, akapelekwa chini ya ardhi. Mama akamtafuta dunia nzima na mienge, hali, haogi, na kwa huzuni yake nafaka zikagoma kuota, watu wakaanza kufa njaa.

"Alimpata?"

"Alimpata nusu. Miezi kadhaa juu na mama yake, miezi kadhaa chini na mume."

Najua mawazo yake yalikwenda wapi. Binti yetu Mirella yuko Stuttgart, Ujerumani, kiwanda cha vipuri, mwaka wa sita sasa. Anakuja wiki mbili za Agosti na mumewe ambaye hali pilipili.

"Nusu mwaka," Gesumina akasema. "Yule alipendelewa."

Akachukua tena sindano. Kisha, kama anaongea na soksi: "Mbilingani zilitokaje?"

"Chungu."

"Hukungoja zitoe maji."

"Sikungoja."

Jumatatu, 25 Julai

Leo wametoa kichwa. Fundi aliletwa, kijana wa mikono laini, akasema ni dakika tano. Kichwa kimeshikwa na chuma kilichozama shingoni, hakikutoka. Akavuta, akapaka mafuta, akagonga. Chama cha kichwa kinamzomea, chama cha mwili kinamzomea zaidi. Mwisho Cataldo akashindwa kuvumilia, akapanda ngazi, akamsukuma kando — "Unamuumiza!" — akakikumbatia kichwa kama anavyokumbatia gunia la unga, akakizungusha kidogo. Kikatoka.

Akabaki juu ya ngazi na kichwa cha Mtakatifu kifuani. Hajui akiweke wapi. Hakuna aliyetaka kumwambia. Mwishowe akakaa nacho, akakipangusa vumbi na aproni.

Chini yake mwili. Plasta yote imeondolewa, nguo zimevuliwa. Padre alitaka kutugeuza ukutani tena, lakini naye akabaki anatazama. Mtakatifu amesimama mguu mmoja mbele. Jiwe linaonekana kama linapumua. Hata wa kichwa walisogea karibu.

Gesumina alisogea mpaka kwenye kamba. "Tangu nikiwa msichana namfunga vifungo," akasema. "Kwa kupapasa tu, macho yamefumbwa, tulivyofundishwa. Sikujua ni mzuri hivi."

Daktari Ornella akamwinulia kamba, akamwacha apite. Gesumina aliweka kiganja kwenye goti. Nilikuwa na filimbi shingoni. Sikuigusa.

Halafu akamgeukia Daktari. "Na huko makumbusho atavaa nini?"

"Hatavaa kitu, mama."

"Na watu watapita wakimtazama?"

"Kila siku. Kutoka dunia nzima."

"Bila kumwomba chochote?"

Daktari akairudisha kamba mahali pake. Gesumina akaenda kukaa. Hakushika sindano mpaka jioni.

Alhamisi, 28 Julai

Ofisi haina winchi. Ngazi za kanisa ni nyembamba, lori haliwezi kusogea. Fundi wa mikono laini amesema mwili utolewe na watu wanaojua kuubeba. Na wanaojua kuubeba wako ishirini na wanne, na mkuu wao ni shemeji.

Cataldo amesema Mtakatifu hatoki kanisani ila siku yake, na kichwa chake, na gauni lake, na bendi.

Wamejadiliana sakristia, nyuma ya altare, siku nzima. Padre ametoka akijipepea, ametangaza: Jumapili Mtakatifu atarudishiwa kichwa kwa muda, atatoka kwa maandamano kama kila mwaka, mpaka ufukweni, abariki bahari. Lori litangoja hapo ufukweni. Kichwa kitateremshwa, mwili utapandishwa, kila mtu atalia, kwisha.

Daktari Ornella amekubali. Cataldo amekubali upesi kuliko wote. Amenishika bega: "Shemeji, mbebaji wetu Bruno ana ngiri. Tumepungukiwa bega moja."

"Mimi ni mtu wa ofisi, Cataldo."

"Si kanuni zenu zinasema mlinzi asiwe mbali na mali? Utakuwa chini yake kabisa."

Alikuwa anatabasamu. Mwoka mikate hatabasamu hovyo, usingizi haumtoshi.

Jumapili, 31 Julai

Naandika ya leo leo hii. Bega langu limekufa.

Tulimtoa saa nane. Gauni jipya, la bluu, wanawake wamelishona pale pale kanisani. Kichwa kimekaa upande kidogo, kana kwamba anasikiliza. Mimi nguzo ya kubebea ya kushoto, nyuma, sare ya ofisi imelowa jasho. Mbele yangu Gesumina peku, mshumaa mkononi. Chama cha kichwa kulia, chama cha mwili kushoto, kila chama kikiimba wimbo uleule kwa kushindana. Bendi ikashindwa kumfuata yeyote.

Uzito, jamani! Hata nikijua ni marumaru, tulipofika kwenye duka la mikate nilikuwa nimeshaungama moyoni dhambi zangu zote na mbili za jirani.

Kwenye chemchemi barabara inagawanyika. Kushoto, ufukweni, niliona lori, na dereva amekaa kivulini analamba aiskrimu. Daktari Ornella amesimama pembeni yake na blanketi za kumfungia. Ametupungia mkono.

Cataldo akapaza sauti: "Kulia!"

Nilidhani amekosea. Ishirini na watatu hawakudhani hivyo. Wakageuka kulia, mlimani, na mimi nikiwa chini ya nguzo ningefanya nini? Ukiiacha, Mtakatifu anaanguka. Nikageuka nao. Bendi ikaenda kushoto. Hawakuambiwa. Bado nawasikia huko ufukweni wanampigia dereva wa lori.

Tukapanda. Hakuna aliyeimba tena, pumzi hakuna. Wanawake wakaja kutia mabega yao katikati ya wanaume, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mama mkwe alisukuma mgongo wangu kwa mikono miwili. "Panda," akaniambia. "Panda, wewe mpuliza filimbi." Mpaka kwenye lango langu. Cataldo akasimama, ananihemea usoni: "Fungua, shemeji."

Nikafungua. Ni saa za kazi, lango linatakiwa liwe wazi.

Tumemweka katikati ya mawe, kwenye sakafu ya hekalu, mbele ya nguzo. Upepo unacheza na gauni. Padre amefika wa mwisho, amepanda punda wa mtu, uso mwekundu kama nyanya. Ametazama Mtakatifu, ametazama nguzo, ametazama mbingu. "Basi," akasema, "naanza misa kabla sijaanza kufikiri."

Misa imekwisha. Hakuna anayeondoka. Wametandika mashuka, wametoa mikate, jibini, mvinyo. Wa kichwa na wa mwili wanakula sahani moja. Muuza magazeti analia kwa furaha, hakuna anayempiga.

Sasa naandika nikiwa kwenye kiti changu, karibu na lango. Daktari Ornella amefika, kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Lori limekwama nyuma ya bendi. Yuko nje ya lango. Haingii. Anamtazama Mtakatifu kupitia nondo. Nilingoja atukane.

"Ilario," akasema polepole, "unajua kuwa kwenye karatasi zangu yuko palepale anapotakiwa? Chini ya uangalizi wa ofisi. Ndani ya uzio wa ofisi."

"Ndiyo, Daktari."

"Watanifukuza kazi."

"Ndiyo, Daktari. Na mimi."

Saa kumi na mbili imelia mjini. Gesumina ameketi juu ya jiwe, miguu peku ameinyoosha mbele. "Bwana, saa za kazi zimekwisha," ameniambia. "Funga."

"Usifunge," Daktari amesema. "Nitawaelezaje ofisini?"

Wote wawili wananitazama. Kanuni zinasema saa kumi na mbili lango lifungwe. Kanuni zinasema wageni watoke. Hapa ndani sioni mgeni hata mmoja. Mlinzi awe upande gani, kanuni hazisemi.

Nimefunga. Kwa ndani. Nimekaa tena, kalamu mkononi.

Daktari hajaondoka. Ameutazama ukuta upande wa mti wa tini, pale ulipobomoka. Amevua viatu vyake vya bluu. Amevirusha ndani, kimoja, cha pili. Sasa ameshika tawi, mguu mmoja uko juu! Cataldo anapiga kelele mumzuie, mama mkwe anapiga kelele mumshike asivunjike. Gesumina ameinuka, anakwenda ukutani, mikono mbele. Kumvuta ndani au kumsukuma nje, kutoka hapa bado sioni—